Antene nyuma ya masomo yetu: tuogope nini?



Tangu antene ya simu ijengwe nyuma ya uzio wa masomo, hapa kwetu Bukavu, mkutano wetu wa Jumamosi hauanzi tena na pesa ya likelemba. Unaanza na swali moja: mionzi ya kile chuma inaua watoto wetu polepole, ao hapana?

Mama mmoja alisema binti yake anaumwa kichwa siku za masomo tu, na siku ya Mungu anapona. Mwingine, mwenye mimba ya miezi sita, alikuwa anazima simu kila jioni na kuiacha jikoni, kwa kuwa aliambiwa mawimbi yanaingia tumboni. Wa tatu anaishi karibu kabisa na antene. Alikuwa amekwisha kuanza kutafuta nyumba ya kupanga kule chini bondeni, kando ya mto, ambako bei ni ndogo. Barua kwa kampuni ilikuwa tayari na sahihi zake, ikiomba jambo moja tu: antene ing'olewe.

Sisi walimu tulipewa barua hiyo ili tusahihishe maandishi. Tukayasahihisha. Kisha tukaomba wiki tatu kabla haijatumwa, ili tusome na tuulize. Wengine walinung'unika kwamba walimu wamekwisha kula pesa ya kampuni. Hatukula hata chai. Tuliona tu kwamba barua ya wamama wengi namna hii ikiwa na kosa ndani yake, itatupwa pembeni, na nafasi ya pili haitakuja upesi.

Tulianza na neno lenyewe. Hapa kwetu tunasema "radio" kwa vitu viwili. Kuna radio ya kusikiliza habari, na kuna kupiga radio hospitalini, pale mkono unapovunjika ao kifua kinapouma. Neno ni moja, mambo ni mawili, na tunafikiri nusu ya hofu yetu inatoka pale.

Radio ya hospitali inatumia mionzi mikali inayopita ndani ya mwili, na ikizidi inaweza kuvunja vitu vidogo sana vilivyo ndani ya chembe za mwili. Ndiyo sababu fundi anamuuliza mama kama ana mimba kabla ya kumpiga picha, na yeye mwenyewe anajificha nyuma ya ukuta. Mionzi ya jiwe la uranium iko upande huo huo. Sisi Wakongomani hatuna haja ya kwenda mbali kulitafuta jiwe hilo: sehemu kubwa ya uranium ya bomu lililoangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945 ilitoka Shinkolobwe, kule Katanga. Mionzi ya namna hiyo ni ya kuogopa kweli. Ekografi ya mimba, kwa wale waliouliza, haina mionzi hata kidogo. Ni sauti ambayo sikio letu haliwezi kuisikia.

Mawimbi ya radio ya habari, ya televisheni, ya simu, ya wifi na ya furu ya mikroondi yako upande mwingine. Ni ndugu wa mwanga, lakini ndugu mnyonge: nguvu ya punje yake moja ni ndogo kuliko ya punje moja ya mwanga wa taa, zaidi ya mara elfu mia moja. Darasani tulieleza hivi. Rusha haragi moja kwenye kioo cha dirisha, kioo hakivunjiki. Rusha haragi elfu moja, moja moja, bado hakivunjiki. Lakini jiwe moja linatosha. Mionzi ya radio ya hospitali ni jiwe. Mawimbi ya simu ni haragi. Watoto walielewa mara moja, na mmoja aliuliza kama anaweza kujaribu kwenye dirisha la direkta.

Je, haragi nyingi sana hazifanyi kitu? Zinafanya. Mawimbi haya yakiwa mengi mahali pamoja yanapasha moto. Hiyo ndiyo kazi ya furu ya mikroondi. Mmarekani mmoja, Percy Spencer, aliyekuwa akifanya kazi na mitambo ya rada, aliona mwaka 1945 kwamba peremende ya chokoleti imeyeyuka mfukoni mwake, na kutoka hapo wakatengeneza furu hiyo. Si wengi kati yetu walio nayo, kwa sababu umeme wetu mnaujua, lakini mama mmoja aliletewa na ndugu yake na aliogopa kuifungua. Ndani yake kuna wati 700 hadi 1,000 zilizofungiwa katika sanduku la chuma. Zikizimwa, zimekwisha. Chakula hakibaki na mionzi, kama vile chumba hakibaki na mwanga ukizima taa. Kinachotakiwa ni mlango ufunge vizuri. Ukipinda ao ukivunjika, furu hiyo isitumiwe. Wala usipashe humo maziwa ya mtoto mchanga: chupa inaweza kuwa vuguvugu nje huku katikati maziwa yanachoma, na ulimi wa mtoto hausamehe.

Sasa antene. Tume ya kimataifa inayoshughulikia mionzi ya namna hii, inayoitwa ICNIRP, imeweka mipaka. Kwa watu wote, pamoja na watoto na wenye mimba, mpaka wa mwili mzima umewekwa mara 50 chini ya kiwango ambacho joto lake lingeanza kuleta madhara. Shirika la Afya Duniani, OMS, lilieleza mwaka 2006 kwamba vipimo vilivyochukuliwa karibu na antene za simu vilikuwa kati ya asilimia 0.002 na asilimia 2 ya mpaka huo. Mawimbi ya antene yanatoka kama mwanga wa tochi iliyoelekezwa mbele juu ya mapaa, si kama maji yanayomwagika chini kwenye mguu wake. Na ukienda mbali mara mbili, yanapungua mara nne. OMS ilisema pia kwamba kwa kiwango kile kile cha mawimbi, mwili unaweza kuvuta yale ya radio ya FM na televisheni hadi mara tano zaidi kuliko ya antene ya simu. Wazazi wetu wamesikiliza radio miaka mingi, na hakuna aliyeomba mnara wa radio ung'olewe.

Hapa tuseme jambo lililotushangaza sisi wenyewe. Kama ni mawimbi unayoyaogopa, yale yanayokufikia zaidi yanatoka kwenye simu iliyo sikioni mwako, si kwenye mnara. Na simu inaongeza nguvu pale mtandao unapokuwa dhaifu, kama mtu anayepaza sauti akiwa mbali. Mnara ukiwa karibu, simu inanong'ona. Tukiung'oa mnara, simu zetu zote zitaanza kupiga kelele kutafuta mwingine ng'ambo ya kilima. Mama mmoja alicheka akasema basi tumekuwa tukitaka kumfukuza jirani anayetupunguzia kelele.

Je, simu yenyewe inaleta kansa? Hili limetafutwa sana. Kule Uingereza walifuata wanawake zaidi ya 776,000 kwa miaka ipatayo 14, na majibu yaliyotolewa mwaka 2022 hayakuonyesha kwamba wenye simu wanapata uvimbe wa ubongo kuliko wasio nayo. Mwaka 2024 wataalamu walioombwa na OMS walikusanya tafiti 63 za nchi mbalimbali, nao hawakuona uhusiano kati ya simu na kansa ya ubongo. Kuna pia utafiti wa Marekani wa mwaka 2018 juu ya panya, ambao unasambazwa sana. Panya hao walipigwa mawimbi makali mwili mzima, saa 9 kwa siku kwa miaka 2, na baadhi ya panya dume wakapata uvimbe wa moyo. Ni kweli. Lakini panya hao hao waliopigwa mawimbi waliishi siku nyingi kuliko wale walioachwa bila mawimbi, na jambo hilo halisambazwi.

Wengi wenu mlituonyesha maneno "inaweza kuleta kansa", mkisema OMS yenyewe ndiyo iliyoyaandika. Mko sawa. Mwezi wa Mei 2011, ofisi yake ya utafiti wa kansa iliyoko Lyon, Ufaransa, iliweka mawimbi ya radio katika kundi linaloitwa 2B, maana yake labda yanaweza, ushahidi ni mdogo. Tukaangalia ni nani wengine wamo katika kundi hilo. Imo aloe vera ikisagwa jani zima. Kisha tukapanda makundi ya juu. Moshi wa kuni ndani ya nyumba uko 2A, kundi la "inaelekea kweli". Na katika kundi la 1, ambalo halina labda tena, tulikuta tumbaku, pombe (ndiyo, kasiksi nayo ni pombe), sumu ya ukungu unaoota kwenye karanga na mahindi yasiyokauka vizuri, na moshi wa dizeli, ulioingizwa humo mwaka 2012. Makundi haya yanapima ushahidi ni wa nguvu gani. Hayapimi ni kitu gani kinaua wengi zaidi. Hata hivyo, tuliposoma orodha hiyo kwa sauti katika mkutano, ukumbi ulinyamaza kwenye neno dizeli.

Kwa sababu chini ya antene yetu kuna jenereta, ile tunayoita grupu. Kila umeme unapokatika, inawaka. Bomba lake la moshi lilikuwa linatazama upande wetu, mita chache kutoka madirisha ya darasa la tatu na la nne.

Sisi tunaofundisha pale tulikuwa tumelizoea, na hilo ni kosa letu. Kwa wiki tatu tulizoomba, tuliandika katika kalenda ya darasa siku ambazo grupu inanguruma asubuhi, na siku ambazo watoto wanaomba ruhusa kwa ajili ya kichwa ao kichefuchefu. Huo si utafiti wa chuo kikuu. Lakini siku zilizokuwa na umeme, antene ikifanya kazi kama kawaida, hakuna mtoto aliyeomba kwenda nyumbani kwa kichwa isipokuwa mmoja aliyekuwa na malaria. Siku za grupu waliomba, na sisi wenyewe tulirudi nyumbani macho yakiwasha. Binti wa yule mama wa kwanza anakaa dawati la dirishani. Kichwa chake hakikuwa uongo, wala mama yake hakukosea kusema kinatoka upande wa antene. Alikosea kitu kimoja tu, na sisi walimu tulikosea zaidi yake, maana tulikuwa na pua.

Tunalisisitiza hili kwa sababu wengine wenu mnachekwa mkisema antene inawaumiza. Mwaka 2007 chuo kikuu cha Essex, Uingereza, kiliwaita watu wanaosema mawimbi yanawaumiza, kikawaweka karibu na antene ambayo walikuwa hawaambiwi kama inawaka ao imezimwa. Hawakuweza kutambua. Walipoambiwa inawaka, walijisikia vibaya zaidi. Maumivu yao yalikuwa ya kweli; hofu nayo inaumiza kichwa, inakataza usingizi, inapandisha moyo. Basi mtu akisema anaumwa, aulizwe anaumwa wapi, tangu lini, na nini kingine kiko karibu.

Tulimrudia pia mama mwenye mimba. Usiku mmoja wa mvua alianza kutoka damu. Mume wake alikuwa Kamituga kwenye machimbo, simu imezimwa jikoni, na kwa giza na woga mtoto mkubwa hakuiona. Jirani alisikia kilio, akampigia motari, wakafika kwenye kituo cha afya, na damu ikasimamishwa. Mama na tumbo lake wanaendelea vizuri, na ametukubalia tuliandike. Simu ya mwenye mimba ikae ikiwaka, iwe na chaji, na namba ya motari iandikwe hata ukutani. Kama mawimbi bado yanakutia wasiwasi, iweke kwenye meza hatua mbili kutoka kitandani, ao uongee kwa spika. Hiyo haigharimu kitu.

Kuhusu kuweka simu ndani ya sutie pamoja na pesa, wengi waliuliza juu ya kansa ya matiti. Hatukukuta utafiti wa watu wengi unaoonyesha hivyo. Batiri feki iliyovimba ndiyo tungeiogopa kwenye kifua, kwa sababu inaweza kuwaka moto. Lakini ukigusa uvimbe katika ziwa lako, usikae kuwaza ni simu ao si simu. Nenda uonwe wiki hiyo hiyo.

Na kwa kuwa tumetaja kichwa na kichefuchefu, tuingie jikoni kwetu. Jioni za baridi tunaingiza mbabula chumbani, tunafunga dirisha, na watoto wanalala wakisikia joto. Makala yaliyokolea hayana moshi, kwa hiyo tunafikiri yamekuwa salama. Hapo ndipo yanatoa hewa isiyo na rangi wala harufu, monoksidi ya kaboni. Hewa hiyo inashika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na mtu anasinzia bila kujua kwamba anakufa. Mtoto aliye tumboni anaumia hata pale mama anapopona. Dalili ni kichwa, kizunguzungu, kutapika, miguu kukosa nguvu, na watu wa nyumba nzima wanaumwa kwa pamoja. Ukiona hivyo, toa kila mtu nje kwanza, kisha kituo cha afya. OMS inahesabu kwamba hewa chafu ya majikoni iliua watu milioni 3.2 duniani mwaka 2020, na kati yao watoto 237,000 walikuwa hawajafika miaka 5. Tulipika kwa makala jana na tutapika kesho, hatuna gesi ya kujisifia. Lakini mbabula inaweza kuwashiwa nje, kupikia mahali penye upenyo, na kubaki nje usiku. Blanketi mbili zinatosha kwa usingizi.

Bado yule mama wa bondeni. Tulishuka pamoja naye siku moja baada ya masomo kuiona nyumba aliyotaka kupanga. Nyuma yake udongo ulikuwa umekatwa wima, na ufa ulipita ukutani tangu dirisha hadi chini, unaoweza kuingiza kidole. Jirani alituonyesha mahali palipokuwa na nyumba nyingine kabla ya mvua za mwaka uliopita. Hakuna aliyesema kitu. Tulipokuwa tunapanda kurudi, mama alisimama kupumua, akatazama antene kule juu, akasema: "Afadhali ile, najua itakaa pale pale." Hakuhama.

Barua ya pili iliandikwa upya yote. Haikuomba antene iondoke. Iliomba mambo matatu: bomba la moshi wa grupu lirefushwe kupita paa la masomo na ligeuzwe upande usio na madirisha, grupu ifunikwe ili kelele ipungue, na mlango wa uzio uwekwe kufuli, kwa sababu watoto wanapanda ngazi ya mnara wakitafuta mpira wao. Hapo juu, karibu kabisa na vyombo vyenyewe, ndipo mawimbi yanaweza kuunguza kweli, na mafundi hawafanyi kazi mbele yake mpaka izimwe kwanza. Achilia mbali kuanguka.

Kampuni ilimtuma mtu wake. Alikuja amejitayarisha kubishana juu ya mionzi, na karatasi zake mkononi. Wamama wakamwambia hawana neno na mionzi, aje darasa la nne anuse. Alinusa. Bomba limerefushwa na limegeuzwa. Tangu wakati huo binti wa dirishani ameomba ruhusa mara moja tu, na ilikuwa kwa ajili ya jino. Kelele bado iko. Kufuli haijaja, na juzi tulimkuta mbuzi ndani ya uzio.

Barua ya tatu, ya kufuli na kelele, itasomwa Jumamosi hii kabla ya likelemba. Wenye kutaka kutia sahihi waje mapema.